Ukuta Alionipa Baba

Nyumba yangu ya arusi ilipakwa chokaa ndani na nje, ikawa nyeupe mpaka wapita njia wakifinya macho. Mimi sikuiona. Mwari wa Amu, yaani Lamu, wa miaka ile ya hamsini hakutoka kwenda kukagua nyumba. Alikuwa amewekwa ndani tangu avunje ungo, na habari za nyumba yake alizipata kwa wanawake waliokwenda kuitandika. Wakarudi wakasema inang'ara, nami nikafurahi. Chokaa mpya ilikuwa desturi ya kila arusi, kwa hivyo hapakuwa na mtu wa kujiuliza inafunika nini.

Kwetu binti akiolewa hupewa nyumba na babake, na mume ndiye anayehamia. Babangu alikuwa na mabinti wawili, mimi kwa mamangu na mwenzangu kwa mke wake wa pili, na alikuwa na nyumba mbili za kutugawia. Tuliolewa mwaka mmoja. Akatuambia mbele ya mama zetu kwamba amegawanya sawasawa, hakuna aliyepunjwa. Sikuuliza neno, maana aliyesema ni yeye.

Yafaa nieleze nilivyompenda baba, la sivyo haya yote yatakuwa habari ya ukuta tu. Alikuwa akiuza boriti, na alikuwa na nyumba kadha za kupangisha. Kila masika yakiisha alizizunguka kuzikagua, na kabla sijawekwa ndani alinichukua mimi, kanishika mkono. Mwenzangu hakumchukua. Yule akikanyaga tope alilia hadi arudishwe kwa mamake. Mimi nilikanyaga kila kitu alichokanyaga baba, na mjini nikajulikana kuwa mkia wake.

Alinifunza kuta kama wengine walivyowafunza watoto wao juzuu.

"Anza yuu, mwanangu," alikuwa akisema, hata mbele ya nyumba ambayo kosa lake lilionekana tangu mbali. "Tazama sakafu ya yuu kwanda, kisha mlizamu, kisha ndipo ushuke tini. Mayi hushuka, hayapendi kupanda. Ukiyaona yamepanda, yuwa kuna mtu aloyafungia ndia."

Akanionyesha mlizamu, bomba linalotema maji ya sakafu ya juu iliyo paa la nyumba zetu, na kwamba doa la mvua hushuka na ncha kama ulimi, na doa la ardhini husimama sawa kama pindo la leso. Akanifunza kugonga kwa kifundo cha kidole. Lipu iliyoshika jiwe hujibu kwa sauti nzito, na iliyoachana nalo hujibu tupu. Tena akaniambia niguse ukuta kwa ulimi nionje kama umetoa chumvi. Watu wakipita wakanikuta nalamba ukuta, wakamwambia, "Bwana, binti yako hali chakula kwako?" Baba alicheka nao, akaniweka mkono begani. Sijawahi kujiona mkubwa kama nilivyojiona wakati ule, na mdomo umejaa chokaa.

Kitu alichokichukia ni saruji. Ilikuwa ndiyo fahari mpya, kila mwenye pesa anataka ukuta laini wa kijivu. Baba alisema mawe yetu ya matumbawe na chokaa yake hunywa maji na kuyatema, na hivyo ndivyo nyumba zetu zilivyokaa tangu enzi za babu. Ukiyapiga saruji maji yatabaki ndani, yatafute pa kutokea. Fundi mmoja alipoitia katika nyumba moja ya baba bila ruhusa, baba alimtimua papo hapo, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Masika ya kwanza baada ya arusi, nilifungua sanduku langu katika chumba cha ndani, lililokaa kwenye ukuta wa nyuma unaopakana na njia. Nguo zilizolala chini kabisa zilikuwa zimeota kuvu. Hariri aliyonipa mamangu, aliyopewa na mamake, ilichanika mkononi mwangu kama mkate ulioloa. Nyuma ya sanduku chokaa ilikuwa imevimba na inapukutika. Mume wangu alikuwa mtu mpole mwenye duka la nguo, akaniambia ni masika, kila nyumba yatoa jasho. Nilingoja kaskazi, majira ya ukavu.

Kaskazi ikaingia, visima vikapungua, watu wakalala juu kwa joto, na ukuta wangu bado ulikuwa umelowa. Sasa nilijua si mvua. Hata hivyo nilianza juu, maana ndivyo nilivyofunzwa. Niliziba mlizamu kwa matambara, nikamimina ndoo za maji kwenye sakafu ya juu, nikashuka kutazama. Jirani aliyekuwa ng'ambo akaniuliza kama naogesha nyumba kwa Maulidi. Hakuna tone lililopenya. Nikazibua mlizamu, maji yakarukia katikati ya njia, mbali na ukuta. Juu palikuwa salama. Doa langu lilisimama sawa kama pindo la leso, na kila nilipolipima kwa kiganja lilikuwa limepanda kidogo.

Lililobaki ni kuuona ukuta kwa nje. Kwa mtu mwingine hilo si kazi. Kwangu lilikuwa ni kutoka mchana peupe na kuinama njiani. Nilingoja adhuhuri, wanaume wamekula na kulala, nikavaa buibui na kisu cha jikoni ndani yake. Pale chini ya ukuta hupita maji yote ya mtaa yakielekea pwani. Nikakwangua chokaa nyeupe ya arusi yangu. Chini yake palikuwa na kijivu. Nikasogea hatua moja nikakwangua tena, nikapata kijivu kile kile. Ukuta ule mzima ulikuwa umevikwa saruji kuanzia ardhini mpaka kiunoni mwangu, kisha ukapakwa chokaa juu ili ufanane na kuta nyingine. Nilisahau hata kujifunika uso. Bwana mmoja akapita, akakohoa, akageukia ukuta wa pili kwa adabu yake.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliyeziba wangu aliuziba vizuri sana.

Nilimlaani fundi. Siku nyingi nilimlaani, nikitwanga, nikikuna nazi, nikisema amemwibia babangu, amemwonyesha chokaa akaficha saruji. Nilihitaji awe fundi. Lakini kuna neno lilinikaa kooni: babangu hakuwahi kulipokea jiwe moja la fundi bila kuligonga, sasa angeupokea vipi ukuta mzima wa arusi ya bintiye?

Basi nikamtega. Naona haya kusema kwamba nilimtega babangu mzazi, lakini ndivyo. Nilikwangua chumvi yote ya ndani, nikapaka chokaa vyumba vyote vya chini, kila ukuta, nikarudisha sanduku mahali pake. Hata mume wangu hakuweza kusema palipokuwa na doa ni wapi. Ijumaa baba akaja baada ya sala kula chakula cha mchana kwangu, kama kawaida yake.

"Baba," nikamwambia, "nyumba yangu ina mayi, na siyui yatoka wapi. Nikagulia."

Nilitaka apande ngazi. Wallahi nilitaka apande ngazi ile aniulize juu ya sakafu na mlizamu, anisumbue kwa maswali, agonge kila ukuta kwa kidole chake. Nilikuwa tayari kumwomba radhi moyoni. Hakupanda. Alivuka ukumbi bila kuangalia kulia wala kushoto, akaingia chumba cha ndani, akalivuta sanduku kwa mikono miwili, akainama, akaweka kiganja pale pale.

"Yamepanda hata hapa?" akauliza.

"Baba," nikasema, "hukuanza yuu."

Mkono wake ulibaki ukutani. Aliniangalia, nikaona ameelewa, na nikaona pia kwamba hakuona vibaya kama nilivyotaka aone. Akakaa juu ya sanduku langu.

"Ukuta huu watoa mayi tangu zamani," akasema. "Nduguyo hayui kitu, mwanangu. Ungemwangukia yuu ya kitwa. Weye nimekufunda. Naliyua utauponya."

"Na saruji?"

"Saruji ni ya siku ya arusi. Nalitaka mayi yasionekane."

Alilisema kama mtu anayenisifu. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba alitabasamu kidogo, kama zile siku za mkono begani. Nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira, nikarudi nikampakulia wali, akala. Nilikuwa nimedhani alinizungusha mjini kwa sababu ananipenda, na huenda alinipenda. Lakini mwenzangu aliyelilia miguu yake alipewa nyumba kavu, na mimi niliyelamba kuta nikapewa ukuta. Nilipomweleza mamangu aliniambia tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaendelea kushona kofia. Sikuthubutu kumwuliza kama naye alijua.

Niliuponya, ndiyo. Nilimsimamia fundi kutoka nyuma ya dirisha akaibandua saruji yote, mawe yakaachwa wazi kaskazi nzima, na njiani akachimba mfereji wa kuyaepusha maji ya mtaa. Kisha ukapigwa lipu ya chokaa na udongo uliochekechwa, kwa mkono usio na haraka. Ukakauka. Baba akakaa barazani akiwasimulia wenziwe kuwa binti yake ana jicho kuliko waashi, na mume wangu akaniletea sifa hizo nyumbani akidhani nitafurahi.

Miaka ikapita, binti yangu akaanza kukimbia. Masika moja yalipoisha, baba akaja na bakora yake, amevaa kanzu ya kuzungukia, akasimama mlangoni. Yule mtoto alikuwa tayari amemshika mkono.

"Nipa huyu nimtembeze," akasema. "Nimfunde kuta."

Nikautoa mkono wa mtoto mkononi mwake, kidole baada ya kidole.

"Huyu mwate asiyue kitu, baba," nikamwambia. "Asoyua ndiye apawao nyumba kavu."

Akageuka akashika njia peke yake, na nyuma ya mlango mwanangu akalia akitaka kwenda na babu. Nilimwacha alie. Nilimsikia baba akifika kwenye pembe ya nyumba, akasimama, akaugonga ukuta wangu kwa kidole mara moja, na ukuta ukamjibu kwa sauti nzito.