Mwalimu Breki na Mbwa wa Bintiye

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, na hakuwalaumu. Alikuwa amefundisha udereva miaka mingi, mguu juu ya breki ya mwalimu, hata sebuleni kwake alikanyaga hewa filamu ilipofika kwenye kona kali. Alikuwa mtu mnene, mzito wa miguu, mwepesi wa mdomo, na kauli yake ilikuwa moja: kitu chochote kinachotembea kinafundishika.

Kauli hiyo ndiyo iliyomponza. Bintiye alipopata kazi mbali, alimletea mbwa.

"Baba, si ulisema kila kinachotembea kinafundishika?"

Mbwa mwenyewe alikuwa chotara: masikio ya mbwa wa polisi, miguu mifupi ya sijui nani, na mkia wa kufagia vikombe mezani. Jina lake Kishindo. Juma la kwanza alitafuna kandambili, rimoti na mto wa kochi. Mwalimu alimkaripia kwa ile sauti iliyowahi kumliza dereva wa lori. Kishindo akainamisha kichwa, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaondoka na soksi ya mwalimu.

"Anakudharau," mkewe akasema.

"Anatafakari, mama."

"Basi atafakari nje. Leo nikirudi kutoka kazini nikute mapazia yangu mazima."

Asubuhi hiyo Mwalimu akaamua kumtembeza. Mtu ambaye hata dukani alikwenda kwa gari! Mbwa akaona paka, na Mwalimu akajikuta akilipita duka, akakipita kituo cha mafuta, akaizunguka shule nzima, tumbo mbele, pumzi nyuma, huku akipayuka, "Simama! Simama we!" Walisimama wapita njia wote; mbwa hakusimama. Safari iliishia mtaroni.

Fundi viatu aliyeketi kando ya mtaro akainua kichwa. "Mwalimu, kwani nani anamtembeza mwenzake?"

Mwalimu angemjibu, lakini alikuwa anatema matope.

Alibadilisha nguo haraka. Kumwacha Kishindo na mapazia hakuthubutu, kwa hiyo akamfunga kwa kamba kwenye kiti cha nyuma cha gari la kufundishia. Mwanafunzi wa saa hiyo alikuwa mama mmoja mshonaji, aliyekanyaga mafuta kama anakanyaga cherehani: anabonyeza, anaachia, anabonyeza, na gari linaruka kama chura. Kadiri Mwalimu alivyofoka, ndivyo mama wa watu alivyozidi kutetemeka.

Walipokuwa barabarani, kamba ikafunguka. Kishindo akaja taratibu, akaweka kidevu begani kwa yule mama, akashusha pumzi ndefu, akasinzia.

"Mwalimu, punguza sauti," mama akanong'ona. "Amelala."

Na kwa kuogopa kumwamsha, akaanza kukanyaga mafuta polepole. Gari likateleza vizuri kabisa. Kwenye mzunguko Mwalimu alikanyaga breki kwa mazoea, mbwa akayumba, mama akamgeukia kwa macho makali.

"Toa mguu wako hapo!"

Akautoa. Mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, alikaa kwenye gari lile kama abiria, mikono mapajani. Akamtazama mbwa akikoroma, naye akagundua jambo ambalo mkewe angemwambia mapema kama angeulizwa: Kishindo hakuwa mkaidi. Alikuwa hajachoka, basi. Alifungiwa ndani na mzee wa kukaa kitako, akamalizia mbio zake kwenye mito.

Tangu hapo wanatoka kila alfajiri, mmoja akikimbia, mwingine akikokotwa. Mapazia yako salama. Suruali za Mwalimu zinampwaya, na yule mama mshonaji, ambaye sasa ana leseni, amezipunguza kiuno mara mbili huku akicheka.

Juzi bintiye alipiga simu kuuliza kama Kishindo ameshajifunza lolote.

"Tunaendelea vizuri," Mwalimu akajibu akihema, kamba mkononi. "Akivuta mara moja, nakwenda kulia. Akivuta mara mbili, nasimama."