Blanketi la Tekla

Uchafu ukishaukamata, unaupeleka wapi?

Usijibu haraka. Nimewauliza walimu wenzangu swali hili, nikawauliza na mabalozi wa nyumba kumi, na wote walinijibu kana kwamba kukamata na kuondoa ni kitu kimoja. Mimi somo langu nililipata kwenye sanduku la vioo lililoko jikoni kwa mjane mmoja hapa Gendabi. Jina lake ni Tekla.

Tekla alizaliwa Maretadu, akaolewa huku na Lukasi Akonaay, fundi seremala. Bahari hajaiona. Lakini jikoni kwake, karibu na ukuta wenye joto la mafiga, kuna bahari ya ukubwa wa sanduku la nguo. Ililetwa na Mwalimu Severine, mtu wa Tanga aliyefundisha sayansi hapa kabla yangu. Alirudi likizo moja na madebe ya maji ya chumvi, kwa treni hadi Arusha, kisha kwa basi. Ndani mlikuwa na samaki wawili wadogo wenye mistari, wa aina inayoishi kwenye madimbwi ya miambani, ambao joto na baridi wameshavizoea. Alikuwapo kaa anayetembea na kombe la konokono mgongoni. Na lilikuwapo jiwe la matumbawe lililoota viumbe vya kijani, vidogo kama vifungo vya shati. Maji yakiwa safi, vifungo hivyo vinachanua. Yakichafuka, vinafumba.

Lukasi ndiye aliyetengeneza fremu ya sanduku na meza yake. Severine alipohamishiwa Mtwara, aliwaachia Lukasi na mkewe.

Umeme hatuna, kwa hiyo maji yale husafishwa kwa mikono. Juu ya sanduku limening'inizwa debe lililotobolewa matundu chini, na ndani yake limetandikwa pande la blanketi. Mtu anachota maji ya sanduku kwa bakuli, anayamimina ndani ya debe, nayo yanachuja polepole na kudondoka tena chini, yakiingiza hewa. Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki vinabaki kwenye blanketi. Ukiangalia kwenye kioo, unaona maji meupe kabisa, unaridhika.

Hapo ndipo penye kosa. Blanketi haliuli uchafu. Limeushika tu, na kila bakuli unalomimina linapita katikati ya uchafu uleule. Usipolitoa blanketi na kuliosha, kile ulichokikamata kinaoza palepale juu, sumu yake inarudi chini kidogokidogo, na maji yanaendelea kuonekana meupe. Kwa hiyo kila asubuhi Tekla alilitoa, akaenda nalo kwenye chemchemi ya kijiji, akaliosha na kulikamua mpaka likauke.

Hakwenda peke yake. Jirani yake, Getruda, alikuwa akimsaidia kumimina na kuosha, huku akimtania njia nzima kuhusu samaki wake.

"Ng'ombe wako leo katoa lita ngapi?"

"Wa kwangu halali kwenye mavi kama wa kwako," Tekla alimjibu.

"Wa kwangu nakunywa maziwa. Wewe utakunywa nini, chumvi?"

Nilipofika hapa, mwanzoni mwa mwaka sabini na tano, utani wao ulisikika mpaka shuleni. Niliupenda. Nilikuwa nimetoka chuoni nikiamini Ujamaa kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha, na bado naamini. Watu walikuwa wametelemshwa kutoka vilimani, nyumba zikapangwa kwa mstari, chemchemi ikawa moja, shule moja. Kwangu mimi wanawake wale wawili na bakuli lao walikuwa ndio kijiji chenyewe.

Kisha Lukasi akafa kwa homa ya mapafu.

Wairaqw, wenyeji wa huku, wana jambo linaloitwa metimani. Nyumba iliyofiwa hukaa kando kwa muda mrefu. Wenyewe hawaingii kwa watu, watu hawaingii kwao, na maji hawachoti pamoja na wengine. Inaaminika kuwa kifo kimeacha kitu pale, na kitu hicho kinaweza kufuata watoto na mifugo ya wenzao. Padri alimzika Lukasi kwa ibada kamili, na wengi walioimba kaburini wamebatizwa. Hata hivyo siku zilizofuata mlangoni kwa Tekla hapakupita mtu. Zamani, nyumba zilipokuwa mbalimbali kule vilimani, kukaa kando kulikuwa kukaa kwenye shamba lako. Sasa, kwenye mstari, Tekla anasikia majirani wakicheka wakila chakula cha jioni.

Chuoni nilifundishwa kuliita jambo hili ujinga. Wanaolishika siwezi kuwaita wajinga. Ni watu wanaoogopa kuzika watoto. Lakini hasira yangu haikupungua kwa kulijua hilo.

Mimi niliingia kwake nilivyotaka. Nilidhani ni ushujaa, mpaka Tekla aliponieleza.

"Wewe ni mgeni, mwalimu. Huhesabiwi. Hata mbwa anaingia."

Getruda alikuwa akimwachia kibuyu cha maziwa juu ya jiwe lililo mpakani mwa viwanja vyao. Tekla alisubiri aondoke, akakichukua, jioni akakirudisha kikiwa kitupu. Getruda ana mtoto mchanga. Hakuvuka lile jiwe hata mara moja.

Jana jioni nilimpelekea ndoo ya maji. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaniitikia kwa sauti ndogo. Jikoni mlikuwa na harufu. Maji ya sanduku yalikuwa meupe, lakini vifungo vyote vya jiwe vilikuwa vimefumba, na samaki walikuwa juu wakipumua kwa midomo. Nikaingiza mkono kwenye debe. Blanketi lilikuwa linateleza kama utumbo.

"Mama, hili halijaoshwa."

"Halijaoshwa."

"Maji si ninaleta?"

"Maji unaleta." Alikaa kwenye kigoda cha Lukasi. "Ninamimina, maana kumimina nimezoea. Kuosha nilikuwa naosha na Getruda. Nikilishika tu hilo blanketi, nachoka."

Niliwaka. Nikamwambia kuwa mkutano wa kijiji uko kesho kutwa, kwamba nitasimama mbele ya mwenyekiti, Nikolausi, na kudai Tekla aruhusiwe kwenda chemchemini kama raia mwingine yeyote. Nchi huru haina mtu wa kutengwa! Hatukuwahamisha watu ili waishi ukuta kwa ukuta bila kusalimiana!

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Ukisema hayo, watakutii. Nikolausi anaogopa Chama. Nitakwenda chemchemini, na wao watasogea kando wanipishe. Nitachota peke yangu, nitarudi peke yangu. Hapo nitakuwa nimepata maji, mwalimu. Maji nilikuomba lini?"

Nilijitolea kuliosha blanketi mimi. Akakataa, akalitoa kwenye debe yeye mwenyewe, akalikunja. Nilipokuwa natoka nilimwona anakwenda mpakani. Aliweka kibuyu kitupu juu ya jiwe, kama kila siku. Pembeni ya kibuyu akaweka blanketi.

Njiani nilifikiri mengi, na sikuyapenda yote. Sisi vijana tuliosoma tunajua sana kukamata. Tunaukamata ubaya, tunaupa jina, tunauandika ubaoni, tunaona maji meupe. Kisha tunakwenda zetu.

Leo asubuhi nilipita chemchemini nikielekea shuleni. Wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo zao. Getruda akaja, mtoto mgongoni, kibuyu mkono mmoja, blanketi mkono mwingine. Hakuingia kwenye foleni. Alishuka chini kwenye mawe ya kufulia, akapiga magoti, akalizamisha blanketi majini mbele ya macho yote.

Bibi mmoja akamwita kutoka juu. "Getruda! Hicho ni cha nani?"

"Cha Tekla."

Mtu mmoja aliinua ndoo yake akaondoka bila kuijaza. Getruda akaendelea kusugua.

"Na mtoto wako je?" bibi akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Yuko hapa mgongoni, shangazi, unamwona. Na hiki ni kinyesi cha samaki. Unataka kunusa?"

Kuna aliyecheka, akajiziba mdomo. Getruda alilikamua blanketi mpaka likaacha kudondoka, akasimama, akamfunga mtoto vizuri kwa kukaza kanga. Nilimfuata kwa mbali. Alilifikia jiwe la mpakani, akasimama hapo kidogo. Kisha akavuka, akaingia jikoni kwa Tekla, na kutoka ndani nikasikia bakuli likigonga debe.