Kikao Kimoja kwa Nyuzi Zote

Pale hospitalini walimwita Kimya, maana maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Ndiye aliyeunda programu ya wodi, na wauguzi hawakumpa raha: kila ripoti ilipoandaliwa, dirisha lake kwenye kompyuta liliganda.

"Kimya, mtoto wako kazimia tena!" muuguzi mkuu, Mama Wodi, alimtania. "Mmwagie maji!"

Vicheko vilimchoma. Akahamishia kazi nzito kwenye nyuzi, vibarua wa programu wanaofanya kazi nyuma ya dirisha. Kila uzi ulistahili kikao chake na hifadhidata, yaani njia yake yenyewe ya kuandika kwenye ghala la taarifa, ili kosa la mmoja lisifute kazi ya mwingine. Yeye, kwa kukwepa usumbufu, akazipa zote kikao kimoja. Ubaya wake aliujua. Uvivu wa mjinga ni hasara. Uvivu wa anayejua ni dhuluma.

Asubuhi moja Mama Wodi aliandika kwamba mgonjwa fulani hapatani na dawa ya sindano. Dirisha likamjibu, "Imehifadhiwa." Papo hapo uzi wa ripoti ukakwama, ukafuta kila kilichokuwa hakijathibitishwa kwenye kikao kile cha pamoja, onyo lile likiwemo. Muuguzi wa mchana hakuona onyo. Akadunga. Jioni haikumkuta mgonjwa hai.

Lawama zikamwangukia Mama Wodi.

"Niliandika, mwanangu," alimwambia Kimya mlangoni mwa kamati ya uchunguzi. "Au nimeanza kuchanganyikiwa?"

Kimya alikuwa ameshaliona kosa kwenye kumbukumbu za mashine. Alimwendea mkuu wake.

"Yule mama anakaribia kustaafu," mkuu alisema. "Wewe una watoto wadogo. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu ni mimi, mzee."

Akaingia kwenye kamati, akasema yote. Walimfukuza kazi palepale, na alistahili. Mama Wodi alimkuta akikusanya vitu vyake.

"Nilipokuuliza pale mlangoni, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

Hakumtukana. Heri angemtukana.

"Mjane wa marehemu yuko nje, anangoja majibu. Siku zote hizi ananitazama mimi kama muuaji. Nenda kamwambie mwenyewe."

Kimya alitoka. Mwanamke aliyekuwa kwenye benchi alimwona amesimama, uso umempauka. Akavuta kanga yake, akamwachia nafasi.

"Kaa, kaka yangu," alisema kwa upole. "Na wewe umefiwa?"