Orodha Tupu

"Hiyo mashine yako ikisema ndani hakuna kitu, imejua aje kama imeingia?"

Mwanangu, swali hilo niliulizwa Rukoki, nilikopanga chumba, mchana, kompyuta ikiwa mapajani. Nakuita mwanangu ingawa nakuzidi miaka michache tu. Wewe ndiye unayeichukua kazi yangu, na kazi hii huzeesha, kwa kuwa hakuna wa kuzungumza naye.

Aliyeuliza ni Mzee Baluku, mwenye nyumba wangu, aliyefanya kazi ya mgodi ujanani. Baba yangu, aliyetoka Kenya kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji cha huko, alikuwa amefariki. Mama alikuwa amerudi kwao. Wiki nzima ingeweza kupita asiniite mtu jina isipokuwa mzee huyo, ambaye alikuwa akipita kunitania.

"Umesoma chuo kikuu, sasa uko unaandikia mashine barua?"

"Si barua, mzee. Ni maelezo."

"Na inakujibu?"

"Hapana."

"Basi pole yenu wote wawili."

Nikamweleza. Kuna programu za akili bandia zinazotumwa kufanya kazi ndani ya kompyuta, tunaziita mawakala. Wakala akitaka kujua folda ina nini, anatumia kifaa kidogo kinachomrudishia orodha ya majina ya vilivyomo. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ambayo wakala huyasoma kabla ya kukitumia. Siku hiyo nilikuwa nimeandika: "Ukipata orodha tupu, folda haina kitu." Ndipo akauliza swali lake.

Nami, niliyezoea kubishana na wahadhiri mpaka wakachoka, nikacheka. Jambo lenyewe nilikuwa nimeliona kwenye majaribio: folda iliyofungwa, ambayo wakala hana ruhusa ya kuifungua, nayo ilirudisha orodha tupu, sawasawa na ile isiyo na kitu. Nililiona dogo. Nikatuma kazi.

Masika, rafiki yangu wa mji wa Bwera, alikuwa akirekodi wazee wakisimulia maisha yao kwa Lhukonzo, lugha ya kwao. Mzee Baluku alikuwa amemsimulia yake, kwa sharti kwamba yasisikike na mtu mpaka atakapozikwa. Kwa hiyo Masika aliifunga folda yenye sauti ya mzee. Alipopata kompyuta mpya akamwagiza wakala ahamishe kila kitu. Wakala alirudishiwa orodha tupu, akaamini sentensi yangu, akaipita folda ile. Kompyuta ya zamani ikafutwa, ikapewa mtu mwingine. Nakala nyingine haikuwepo.

Nilikwenda Bwera kukiri kwamba kosa ni langu. Masika hakunigombeza. "Mwambie mwenyewe," alisema.

Nilimwambia mzee, kisha nikamwomba asimulie tena. Aliitazama mikono yake.

"Ile ilinitoka mara moja, mutoto wangu. Ya pili haiko."

Aliendelea kunisalimu kila asubuhi. Kunitania aliacha, na hakuniuliza tena kitu. Nilikaa miaka miwili zaidi katika chumba kile, na sijawahi kuishi mahali pa kimya kama pale.

Kwa hiyo nakusihi, usiandike "hakuna" pale unapojua tu kwamba hukuona. Mfundishe wakala kutofautisha "nimeingia, sikukuta kitu" na "nimezuiwa, sijui kilichomo." Orodha ikikatwa kwa kuwa ni ndefu mno, sema imekatwa. Mtu akikuuliza usiloweza kulijibu, usimcheke, hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Keti na swali lake kabla hujatuma kazi. Wala usinikubalie mimi kwa kuwa nimekutangulia. Jaribu mwenyewe uone. Na Mungu akujalie kazi isiyokutenga na watu, na mtu wa kukuita jina kila siku.

Mzee alipozikwa, Masika alikuwa huru kuniambia yaliyokuwa kwenye sauti ile. Siku moja mwamba ulianguka mgodini, na Baluku, kijana bado, akatumwa aangalie kama kuna mtu amebaki ndani. Aliogopa. Aliishia mlangoni, akaita mara tatu, hakuitikiwa, akarudi akasema hakuna mtu. Ndani alikuwamo mwenzake mmoja, hai, asiyeweza kuitika.