Nilivyomweleza mama hesabu za meli ya mafuta kutoboka, tukiwa jarubani Katindiuka

Wakuu, heshima kwenu. Leo niko likizo Ifakara, mvua imenifungia ndani na nimemkumbuka mama. Haya yamenitokea mwenyewe, siweki chumvi.

Mimi ni baharia, chief officer, msaidizi wa kwanza wa kapteni, kwenye tanker, yaani meli ya kubeba mafuta. Kwetu ni Katindiuka, hapa hapa Ifakara. Najua mtauliza Mpogoro na bahari wapi na wapi. Hiyo tuiache kwanza.

Mama hakuipenda kazi hii. Kaka yake alizama mto Kilombero, mtumbwi ulitoboka katikati ya maji, na mwili haukuonekana. Kwa hiyo kila nikirudi likizo swali lilikuwa lile lile: "Na hiyo yenu ikitoboka?"

Likizo moja akagoma kabisa. Akasema sirudi tena huko, nibaki tulime mpunga. Na mama akishasema, nyumba nzima inakaa kimya.

Asubuhi tukaenda shamba. Mpunga wetu uko kwenye majaruba, vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ya kushika maji. Tukakuta tuta la jaruba moja limebomoka, maji yote yameondoka. Majaruba ya pembeni yamejaa kama kawaida.

Tukiwa tunaziba kwa tope nikamwambia, "Mama, meli yetu imejengwa hivi hivi. Ndani ina kuta zinazoigawa vyumba vyumba. Ikitoboka, maji yanaishia chumba kilichotoboka."

"Nani kakwambia?"

"Ni sheria. Kabla hatujaondoka bandarini tunapiga hesabu kana kwamba imeshatoboka. Huku, kule, kila sehemu. Hesabu ikisema haitaelea, hatuondoki."

Akaacha jembe. "Kwa hiyo mnaanza kwa kukubali kwamba itatoboka?"

"Ndiyo, mama."

"Na maji yakijaa upande mmoja, si italala?"

Nikamwambia kulala kunaruhusiwa, ila kwa kawaida isizidi digrii ishirini na tano, na matundu ya juu, yale ambayo maji yanaweza kuingilia, yasifike majini. Nikauinamisha mpini wa jembe ili aone. Aliutazama muda mrefu. Kisha akauchukua, akaendelea kuziba tuta.

Siku ya kuondoka akanifungia mchele na samaki wakavu. "Nenda. Ila hiyo hesabu usimwachie mtu."

(Wajuzi, hii ndiyo damage stability. Chuoni ilinitoa jasho.)

Safari ile tulipakia dizeli. Hesabu ya kwanza ikakataa. Tulikuwa tumepanga kujaza matangi kadhaa nusu, na mafuta yakipata nafasi ya kucheza, meli inakosa utulivu. Ikipasuka ubavu wa kushoto, italala kupita kiasi.

Kapteni alikuwa na haraka, akanuna, lakini sheria ni sheria. Tukapanga mzigo upya.

Tulipofika tulikokuwa tunapeleka, tukiwa tumetia nanga, meli ya mizigo ikashindwa kugeuka ikatugonga ubavu ule ule. Wakuu, sauti ya chuma kikichanika isikieni kwa wengine.

Maji yakaingia ballast tank, tangi tupu la ubavuni linalotenganisha bahari na matangi ya mafuta. Vikombe vikateleza mezani, sakafu ikainama chini ya miguu yangu. Nikashika reli. Ikalala, ikalala, ikasimama.

Hakuna aliyeumia, na dizeli haikumwagika.

Mtandao uliporudi nikampigia mama. Nikamwamkia, kisha nikasema, "Imetoboka."

Akauliza, "Imelala?"

"Kidogo tu, ikasimama."

"Haya. Umekula?"

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto.

Mama alishatangulia. Shamba analima dada yangu. Siku hizi nikirudi likizo watu wananiuliza nimewaletea nini. Habari za meli hakuna anayeuliza.

Nilichojifunza ni hiki: mzazi akikuuliza kazi yako ikoje, usimjibu "hutaelewa". Mtu anayekuogopea anaelewa haraka kuliko unavyodhani.

Nyie wazazi wenu wanajua hasa mnafanya nini huko kazini? Kama mzazi wako bado yupo, mpigie leo umweleze, halafu njoo uandike hapa alikuuliza nini.