Mawese ya Vizimba vya Kushoto

Jumatano, tarehe 14 Oktoba 1998. Manyunyu tangu alfajiri. Ukungu umelala ziwani, Bukavu haionekani.

Védastine aliingia katika maabara ndogo ya Cyangugu, akakiona tena kilichomkaba roho: Nasiba, mgeni wa kazi, akichanganya mawese katika chakula cha wanyama wake. Walikuwa hamsta, jamii ya panya wenye mkia mfupi, waliodungwa sumu ili wapate saratani ya kongosho, Daktari Habumugisha aone inavyoanza. Nasiba alitunza vizimba vya kulia, Védastine vya kushoto. Wa kushoto walikula pumba kavu.

"Maman Védastine, banyama yako banakonda kama batu ya njaa!"

"Na yako banavimba kama mama-mukwe yako. Fanya kazi!"

Kijijini kwao Nyakarenzo, kupika bila mafuta huku jirani anakaanga ni aibu. Tena tangu vita vipya vilipoanza ng'ambo, Kongo, mawese yalikuwa adimu. Yeye ndiye aliyewavusha hamsta wa kwanza kutoka Bukavu ndani ya kikapu, na leo mafuta anapewa Nasiba! Kwa hiyo, tangu kiangazi, kila jioni alikuwa akiwatilia wake mawese ya jikoni kwake, kisirisiri.

Mchana ule daktari alipasua hamsta wa pande zote mbili. Uvimbe ulikuwa sawasawa. Akakunja uso.

"Nasiba, umewapa wa kushoto mafuta?"

"Hapana, Docteur! Naapa!"

"Nataka kujua kama mafuta yanaharakisha ugonjwa. Hao wa Maman Védastine ndio kipimo changu, ndiyo maana nikampa yeye ninayemwamini. Sasa nitalinganisha na nini? Chupa ya mafuta unaishika wewe peke yako. Kesho usije."

Nasiba alivua koti lake jeupe huku akilia. Hata machozi yalimpamba, Védastine akaona, na kwa muda mfupi moyo wake ulitulia. Kisha lile neno, ninayemwamini, likamfuata hadi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata alifika wa kwanza, akaweka chupa yake ya mawese juu ya meza ya daktari.

"Ni mimi, Docteur. Nilimuonea Nasiba wivu. Mumuite arudi."

Halafu, bila kungoja jibu, akaenda kuosha vizimba vya kulia. Vilikuwa safi kuliko vyake, na hilo nalo likamuuma.