Dawa ya Kikohozi na Mashine ya Kupima Pombe

Mimi ni askari wa trafiki hapa Kampala, na pombe niliiacha siku nilipookoka. Wenzangu kambini Nsambya wananiita Pasta, na jina hilo nalipenda kupita kiasi.

Nilipokohoa mfululizo, jirani yetu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, alinihurumia. Akanifundisha kuloweka tangawizi na kitunguu saumu ndani ya waragi, ile pombe kali ya hapa Uganda, chupa ikae kabatini majuma kadhaa, kisha nichuje. "Kijiko kimoja tu, ndani ya maji," alinionya. Waragi niliinunua nikiwa nimeshusha kofia hadi machoni. Nilijiambia kwamba ikishakaa na tangawizi, ulevi wake unaisha wenyewe.

Juzi tulikuwa barabarani tukipima madereva, waliolewa tukiwapakia nyuma ya gari letu, kikohozi kikanibana. Nikageukia ukuta, nikatoa chupa mfukoni, nikapiga mafunda mawili makubwa.

Punde mwanamke mmoja mwenye pikapu akapuliza, mashine ikalia. Akakataa kushuka. "Afande, mashine yenu iko mbovu. Puliza wewe kwanza, tuone."

Mkubwa wangu akacheka. "Mpe Pasta. Huyu hata soda anaiogopa."

Nikaipokea kwa madaha, nikahubiri kidogo juu ya maisha safi, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Mashine ikalia.

Mkubwa akasoma namba, akaninusa mdomo. "Pasta," akasema taratibu, "panda nyuma ya gari na wenzako."

Nikapanda. Walevi wakasogea kunipa nafasi, na mmoja akaniuliza kwa heshima mimi huwa nakunywa wapi.